Mulefu, Gari ya Papa

Enzi zetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, sisi tuliokua kabla ya kila mtoto kupata simu yake, gari ilijulikana kwa mlio kabla haijaonekana. Tulikuwa tukicheza fulaye nyuma ya kanisa, mpira wa masashe, mifuko ya plastiki, ukirushwa huku na huku, wasichana wakiruka kuukwepa, mara mmoja wetu anainua kidole juu: "Nyamazeni! Mulefu anakuya." Tunanyamaza. Kweli, kwa mbali, upande wa barabara ya Dowa, tunasikia kikohozi kile, kisha kimya kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha kikohozi tena. Mchezo umekwisha. Tunakimbia wote, vumbi nyuma yetu, ili tuipande kuanzia kisimani mpaka mlangoni kwetu. Safari yenyewe ilikuwa fupi kuliko mbio za kuifuata, lakini nani alijali?

Mulefu ilikuwa gari ya Papa yangu. Gari ndefu ya Kijapani, rangi ya majani makavu ya mgomba, yenye mgongo ulionyooka hadi nyuma kabisa na mlango mkubwa wa nyuma uliofunguka kwenda juu. Ukilaza viti vya nyuma unapata uwanja wa kulala watu. Jina lake la kiwandani lilibandikwa kwa herufi za chuma, lakini nusu ya herufi zilikwisha kudondoka, kwa hiyo watoto wa kambi waliibatiza upya kutokana na urefu wake. Papa hakulipenda jina hilo. Yeye aliisifu kwa maneno mengine. Kila mgeni aliyefika kwetu, hata aliyekuja kupima suruali tu, ilibidi asikie: "Hii njo katre-katre. Magurudumu yote ine inavuta. Si kama zile zenye kuvutwa na mbili, mbili zingine zinatembea bure kama bageni."

Mama hakusoma Kifaransa. Alisikia "katikati". Akaenda kisimani akawaeleza wanawake kwamba bwana wake amenunua gari ya katikati, si kubwa, si ndogo. Papa alimsahihisha wee, mwisho akachoka, na siku moja tukamsikia mwenyewe akimwambia mteja, "Ni gari ya katikati." Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Papa alikuwa fundi wa nguo, mtu wa Bukavu, Kongo, aliyesoma mpaka karibu na kumaliza sekondari, na ndiye aliyewaimbisha watoto kanisani. Gari aliipata kwa mtumishi mmoja wa serikali pale Capital Hill, mzee aliyekuwa akistaafu kurudi kijijini kwao. Papa alimshonea suti kwa miaka mingi, na yule mzee alisema gari yake hawezi kumwachia mtu asiyejua kutunza kitu kilichoshonwa vizuri. Basi Papa akarudi kambini akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo imenyooka, hakusalimia mtu. Siyo majivuno. Aliogopa.

Kuishi na gari ile kulikuwa kama kuishi na shangazi mgonjwa ambaye bado anataka kuhudhuria harusi zote. Dirisha la kushoto lilishuka, lakini kupanda lilihitaji watu wawili, mmoja akizungusha kishikio ndani, mwingine akisukuma kioo kwa viganja nje. Mlango wa nyuma wa kulia ulifunguka kutoka nje tu. Kaseti moja ilikwama ndani ya redio, upande mmoja, tukasikia mahubiri yale yale ya mchungaji wa Kirundi hadi tukayajua kwa moyo bila kujua maana yake. Ndani kulinuka vitu vyote vilivyowahi kusafiri humo: dagaa wa usipa waliokaushwa, unga wa muhogo, makaa, mafuta ya nywele ya mabibi harusi, na mbuzi mmoja ambaye harufu yake haikututoka kamwe. Kila mlango ulipofungwa kwa nguvu, Papa alikunja uso kana kwamba amepigwa yeye. "Ee! Munafunga gari ao munapiga mwizi?"

Jambo lililomtesa Mama zaidi ni pneu, matairi yale. Gari ya namna ile haitaki pneu za kuokoteza. Zote nne sharti zilingane, la sivyo kitu fulani chini kule, alichokieleza Papa kwa kuzungusha ngumi zake mbili, kitavunjika. Kwa hiyo alivumilia, akakusanya, akanunua zote nne siku moja, mpya, zinang'aa. Mama alizitazama, kisha akamtazama Papa miguuni, akamwita kwa jina langu, kama walivyozoea wazazi.

"Papa Mapendo, weye mwenyewe iko na kiatu kimoja cheusi na kingine cha maji ya kahawa. Lakini gari yako iko na viatu bya namna moja!"

Watoto wetu wa leo wakiingia kwenye gari wanauliza kwanza pa kuchomeka chaja. Sisi tuligombana nani atakaa penye dirisha linaloshuka. Aliyeshinda alitapika vizuri, nje. Aliyeshindwa alitapika katika mfuko, akaushikilia mapajani kwa adabu mpaka Lumbadzi. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tumepanda gari!

Sasa niwaeleze siku ambayo gari ile ilitutoa machozi.

Ilikuwa masika, mvua zimeshika kweli, na kanisa moja la Mchesi, mjini Lilongwe, lilikuwa limealika kwaya yetu ya watoto kwenda kuimba Jumapili. Tulijifunza nyimbo wiki nzima. Shida ilikuwa Amani. Amani ndiye aliyekuwa na sauti. Sisi wengine tulikuwa tukimsindikiza tu. Na mama yake hakutaka aende.

Mama Amani alikuwa jirani yetu, mtu wa Fizi, Kongo vilevile, mwembamba, mchapakazi, maneno machache. Alifika Malawi akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Wengine aliotoka nao nyumbani hakuwataja, na sisi watoto tulifundishwa kutouliza. Papa alimwendea jioni ile ya Jumamosi, nami nilikuwa nyuma yake nimebeba taa.

"Mama Amani, mutoto ataimba, atakula, atarudi."

"Niko na huyu tu, Papa Mapendo," alisema, akiendelea kuchagua mawe kwenye maharagwe. "Sina mwingine wa kujaribia."

"Nitamurudisha mbele ya jua kushuka. Mi mwenyewe njo nitamuleta hapa mulangoni."

Alitupa jiwe moja nje, akachota konzi nyingine. Asubuhi yake alimleta Amani, amempaka mafuta mpaka anateleza. Akaizunguka gari, akajaribu kila mlango, akamkalisha mtoto nyuma ya kiti cha dereva. Akamwambia Papa, bila kutabasamu: "Akae nyuma yako. Kama kunakuya kitu, kikukute weye mbele."

Tulikwenda tumebanana kama mahindi kwenye gunzi, wakubwa vitini, wadogo nyuma kwenye mikeka, ngoma ya kwaya imefungwa juu kwa kamba. Mchesi tuliona maduka yamegusana mabega, watu wamejaa njiani hata gari inaomba ruhusa kupita. Tuliimba. Amani alipopandisha sauti, mama mmoja wa Kimalawi mstari wa mbele alivua kitambaa chake cha kichwa akakipunga. Wakatupa wali na kuku, kila mtu kipande chake, na fanta ya rangi. Tuliondoka mapema, Papa akitazama mawingu.

Mvua ilitukuta njiani, karibu kabisa na nusu ya safari, mvua ile ya kupiga bati la gari hadi hamsikiani. Kisha magari mbele yakasimama. Lori lilikuwa limelala kukatisha barabara yote, mzigo umemwagika, na watu waliosimama pale walisema halitatolewa leo. Papa alizima moteri. Akatazama jua, ambalo halikuonekana, akatazama kwenye kioo akamwona Amani. Akawasha. Aliijua njia ya udongo ya kupitia vijijini, maana huko alikuwa akipeleka sare za shule.

Hapo ndipo tulipoielewa katre-katre. Njia ilikuwa uji mtupu. Basi dogo tulilikuta limezama mpaka tumboni, abiria wamevua viatu wanasukuma. Mulefu ikapita pembeni, polepole, ikiyumba kidogo, magurudumu yote yakishika kama vidole. Tulishangilia kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunavuta. Papa hakushangilia, lakini nilimwona shingo yake, ilikuwa imenenepa kwa furaha.

Tukafika kijito. Siku za kawaida ni kijito cha kuruka. Daraja lake lilikuwa bamba la saruji lililolala chini, na sasa maji mekundu yalikuwa yanapita juu yake. Papa alisimama, akatazama. Ng'ambo ya pili ndiyo njia ya kwetu. Akaingia.

Mwanzo ilikwenda. Kisha maji yakaingia chini ya milango, yakatufikia miguuni, ya baridi. Wadogo wakaanza kulia. Kisha nikasikia jambo ambalo mpaka leo likinijia mwili unasisimka: nyuma ya gari ikawa nyepesi. Ikainuka kidogo, ikasogea upande, taratibu, kama mtu anayesukumwa kiunoni na mwenzake kwenye foleni. Kamba ya juu ikakatika. Ngoma yetu ikadondoka, tukaiona ikielea, ikizunguka, ikienda na maji.

Papa alirudisha nyuma. Sijui aliiambia nini gari ile, midomo ilikuwa inatembea. Magurudumu yalikwaruza, yakateleza, yakakwaruza tena, na moja likashika, na lingine, na tukajikuta tumerudi juu kwenye majani, tumekaa upande, maji yakitiririka kutoka milangoni. Papa alivuta breki ya mkono.

Ni Amani aliyesema kwanza. "Papa Mapendo, jaribu tena. Gari inaweza."

"Gari inaweza," alisema Papa. "Mi njo siwezi."

Tulipogeuka kurudi tulikotoka, bonde tulilopita nalo lilikuwa limejaa. Tukawa katikati, kweli gari ya katikati. Akatokea mwanamume mmoja, gunia kichwani, jembe begani, anakimbia kwenye mvua akipunga mkono, anatukataza kuvuka: "Musawoloke! Madzi ndi ambiri!" Papa alishuka, akamwonyesha watoto waliojaa ndani, Kichewa chake kikamtoka chote mara moja. Yule bwana hakuuliza sisi ni nani. Alitupeleka kwake, akamwambia mkewe, na mkewe akachochea moto. Tulikula nsima, ugali wa Kimalawi, na majani ya maboga, tumejifunika magunia na vitenge vya zambia vya yule mama, joto la moto likitupanda miguuni. Sisi watoto tulikuwa na furaha. Tuliona ni sikukuu imeongezwa. Papa alikaa mlangoni, simu yake ndogo imekufa mkononi, sahani yake haikuguswa. Neno moja tu nilimsikia akisema, kwa sauti ya chini: "Mama Amani."

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Papa alikunja suruali, akavuka kwanza kwa miguu yeye na yule bwana, wakipima kwa fimbo. Kisha wakatuvusha sisi, tumeshikana mikono. Gari ikavuka ya mwisho, tupu, na Papa peke yake ndani. Ilipotoka ng'ambo tuliipigia makofi. Papa alimshika yule bwana mikono yote miwili akishukuru, "Zikomo, zikomo kwambiri," hata akashindwa kuiachia.

Haya yanayofuata tuliyajua baadaye. Mwendesha kabaza mmoja, akipeleka mteja kwa baiskeli alfajiri, aliiona ngoma imenasa kwenye matete. Ilikuwa imeandikwa rangi nyeupe jina la kanisa letu. Mtu mwema, akaifunga kwenye baiskeli yake akaileta mpaka kambini. Watu walipoiona ngoma ile imelowa, ngozi imechanika, hawakuhitaji maelezo.

Basi sisi tulipoingia Dzaleka, jua limepanda, tukaona watu wengi kwetu. Mikeka imetandikwa nje. Wanaume wamesimama vikundi vikundi, mikono kifuani. Chungu kikubwa juu ya mawe, kinatoa moshi. Papa akazima gari mbali, kwa heshima.

"Kumekuwa kilio," alituambia. "Sijui ni nani. Shukeni polepole, musipige kelele, muende kukaa na bantu."

Nasi, watoto tuliolelewa vizuri, tukashuka. Tukatembea mstari mmoja, vichwa chini, nyuso tumezikunja za msiba. Wanawake walikuwa wamefunika macho kwa vitambaa, hakuna aliyetutazama. Mmoja akasogea kunipa nafasi mkekani. Nikakaa. Akanishika mkono, akiwa bado ameinama, akasema, "Pole, mutoto wangu, pole sana." Nikamjibu, "Aksanti, mama. Ni nani alikufa?"

Alinitazama. Kelele aliyoitoa, sijawahi kuisikia tena. Watu walisimama, wengine wakakimbia mpaka kisimani, mwanamume mmoja mnene akajificha nyuma ya chungu. Mtu akaita jina la Yesu. Kisha wakaelewa, na kelele ikageuka, ikawa vigelegele, ikawa vilio vipya, ikawa yote pamoja. Mama yangu alikuja kimya. Alipita akitugusa kichwa mmoja baada ya mwingine, hata wasio wake, kama anayehakikisha mikate imeiva. Aliponifikia mimi akakaa chini udongoni.

Mama Amani alikuwa ameegemea ukuta, nywele wazi, udongo usoni. Alimwona mwanawe amesimama mbele yake. Hakupiga kelele.

"Umekula?" alimuuliza.

"Nimekula, mama. Nsima."

Akatikisa kichwa. Akamvuta, akanusa utosi wake, akamweka kando. Kisha akavua kandambili yake, akainuka, akamwendea Papa, akaanza kumpiga nayo begani. "Ulisema mbele ya jua kushuka! Ulisema! Ulisema!" Papa hakujikinga. Alisimama tu, machozi yanamtiririka, akipokea kandambili kama mtu anayepokea sakramenti, mpaka mkono wa Mama Amani ukachoka, ukaanguka, na yeye akalaza paji la uso wake pale pale begani alipokuwa akipapiga, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumjue.

Watu waliinamisha macho. Halafu yule mnene nyuma ya chungu akauliza, "Sasa, haya maharagwe ya kilio, tunafanya namna gani?"

Tuliyala. Kambi nzima ilikula. Maharagwe yaliyopikwa kwa ajili ya kutulilia sisi, tulipakuliwa sisi wa kwanza, na mimi niwaambie ukweli, sijala maharagwe matamu vile tena, iwe Lilongwe, iwe wapi.

Papa alipumzika miaka michache iliyopita, kitandani mwake, na watu waliokuja kumlilia safari hiyo hawakukosea. Mulefu ilitangulia. Viti vyake vilikuwa benchi ya wateja dukani mwake kwa muda mrefu. Amani yuko ng'ambo, ana watoto, ananitumia ujumbe wa sauti, na sauti ile bado anayo.

Mimi sasa nina ya kwangu, gari ndefu kama ile, nyeupe, magurudumu yote yanavuta. Napeleka nguo Lilongwe, narudi na vitambaa. Madirisha yote yanapanda kwa kubonyeza. Barabara ni nzuri, madaraja ni ya juu. Wanangu wanaiona ya kizamani, wanaona aibu nikiwashusha shuleni.

Juzi nilikwama mjini kwenye foleni ya petroli, simu ikazima, nikafika kambini nimechelewa sana, moyo unanidunda kwa kuwafikiria wamehangaika kiasi gani. Niliwakuta wamelala kwenye makochi, kila mmoja na mwanga wake usoni. "Ah, umefika," alisema mkubwa bila kuinua macho. "Tuliona kwenye grupu kwamba mafuta hakuna, tukajua uko kwenye foleni."

Sikuwalaumu. Ni kweli walijua. Sisi enzi zetu hatukujua kitu, kwa hiyo tulitoka nje, tukasimama, tukatandika mikeka, tukachochea moto. Wao wanajua kila kitu wakiwa wamelala. Sijui lipi ni bora. Najua tu kwamba kabla ya kufika nyumbani, pale njia ya kambi inapoachana na barabara kuu, nilikuwa nimemkuta Mama yangu. Mzee sasa, goti moja halikunjiki, amejifunga kitenge mabegani, amesimama peke yake kando ya lami.

Nikasimama. "Mama, unafanya nini huku?"

"Napunga upepo," alisema, akigeukia upande mwingine.

Ilikuwa jioni ya joto, tulivu, hata jani halikutikisika. Nilishuka, nikamfungulia mlango, nikamshika mkono mpaka akakaa vizuri.